Unga wa Aliyetangulia

Mpishi hakuonja uji wake hata siku moja. Nimemjua tangu niko darasa la pili, kikombe cha plastiki kimefungwa kwenye mkoba kwa kamba, mpaka leo nina mtoto wangu mwenyewe anayekwenda shule, na sijawahi kumwona akitia upawa mdomoni. Alikuwa anasikiliza. Anainamisha kichwa pembeni mwa sufuria, kilemba kimeloa mvuke, anasikiliza unavyochemka. Uji mbichi, alisema, unaongea harakaharaka kama mtu muongo. Ulioiva unasema neno moja, unanyamaza, unasema lingine. Mimi niliona ni maringo ya bibi. Nilipopata jiko langu nikaujaribu, nikakuta ni kweli, na nikakasirika, maana kuna watu ambao hupendi kuwakuta wana haki.

Jina analo. Silitaji, na wengi hapa Nyamisangura hawalijui. Alipika uji wa shule yetu ya msingi miaka mingi, na alipoacha kazi jina la kazi halikumwacha. Hata kanisani mchungaji alisema, "Mama yetu Mpishi atatuombea." Akaomba. Maombi yake yalikuwa mafupi na yalisikika kama anamgombeza mtu.

Mdomo wake nauanza mapema ili mjue. Tukichelewa shuleni tulikuwa tunajificha nyuma ya jiko lake, tukiogopa fimbo. Alikuwa anatuona.

"Wewe uliyechelewa, kuja hapa. Kunywa kwanza. Mwalimu atakupiga ukiwa umeshiba."

"Mama, usimwambie."

"Nimwambie nini? Ana macho. Kunywa."

Na kweli tulipigwa tukiwa tumeshiba. Hakutuombea msamaha kwa mwalimu hata mara moja. Mambo ya mwalimu yalikuwa ya mwalimu. Ya tumbo yalikuwa yake.

Hiyo ndiyo ilikuwa dini yake ya kwanza, kabla ya ile ya Jumamosi. Mtoto akipita mbele ya nyumba yako wakati sufuria iko motoni, anapewa. Huulizi ni wa nani, huulizi amekula nini kwao, na mama yake humuulizi kabisa. Kumuuliza mama ni kama kumwambia, "Mwanao ana njaa, umejua?" Ni tusi. Watu wa huku wengi wamelelewa hivyo, lakini Mpishi aliishika kama askari anavyoshika bunduki. Niliwahi kumwona akimkimbiza mtoto wa mgeni mpaka barabarani, kiatu kimoja mguuni, bakuli mkononi, mtoto analia akidhani anafukuzwa apigwe.

Alikuwa Msabato wa kweli. Chai hakunywa, kahawa hakunywa, pombe usiitaje. Lakini kimea alikijua kuliko wapika pombe wote wa kata hii. Analoweka ulezi, anaufunga kwenye gunia lenye unyevu mpaka uchipue, anauanika juu ya bati, anausaga. Kijiko kimoja cha kimea hicho, ukikitia kwenye uji mzito uliokwisha kuteremshwa na kupoa kidogo, uji unalegea mbele ya macho yako, unakuwa laini kama maziwa, na mtoto mdogo anaweza kunywa bakuli zima la chakula cha kweli badala ya maji yenye rangi. Nilimuuliza alijifunzia wapi.

"Kwa mama yangu."

"Mama yako alikuwa anapika uji?"

"Mama yangu alikuwa anapika pombe. Kijiji chote cha Nyamwaga kililewa kwake." Akageuza uso. "Kimea hakina dhambi. Dhambi ni kukiacha kikae siku nyingi."

Jambo moja zaidi kabla sijafika kwa mwanangu. Alilichukia jiwe la kusagia. Sisi wa umri wangu jiwe tumeliona likiwa limeegemezwa ukutani, kuku wanakalia. Yeye alisagia juu yake utoto wote, amepiga magoti, mgongo umepinda, mpaka mashine ya kusaga ilipofika. Alipoolewa aliapa kwamba magoti yake hayatagusa tena chini isipokuwa kwa kumwomba Mungu. Mwanamke akisema unga wa jiwe ni mtamu zaidi, Mpishi alimjibu, "Nenda kausage basi, mimi nitakuletea maji ya kunawa jasho." Mashine aliipenda kama wengine wanavyopenda kanisa. Alikwenda kusaga akiwa amevaa vizuri.

Sasa Marwa.

Marwa alizaliwa mkubwa, mashavu mawili, wote wakamshika. Alipoanza kula akaanza kupungua. Tumbo lilijaa kama ngoma, miguu ikabaki kama ya kifaranga, anaharisha, analia, analala, anaamka analia. Zahanati wakaniambia nimpe unga wa lishe. Nikampa. Mahindi, soya, karanga, mchele, ngano, vyote vimesagwa pamoja, nikampikia asubuhi na jioni kwa bidii zangu zote. Akazidi kukonda. Nikaambiwa simpi vya kutosha. Nikaongeza.

Kwetu mtoto akikonda, kosa liko kitandani kwa mama yake. Wanasema amembemenda, yaani ananyonyesha huku ana mwanaume, na hapo maziwa yameharibika. Sijui ni nani aliyeitunga hiyo, lakini hakuwa mwanamke mwenye mtoto mgonjwa. Mama mkwe wangu alilisema hilo kwake Nyamwaga mbele ya wageni, mimi nimeshika sinia la ugali. Mume wangu alikuwepo. Aliangalia ugali.

Hapa mtaani walilisemea bombani. Nilikuwa nimefika na ndoo, wakanyamaza kwa namna ile ya watu waliokuwa wanakula jina lako. Mpishi alikuwa kwenye foleni, amekalia dumu lake.

"Mbona mmenyamaza?" akawauliza. "Si mlikuwa mnasema amembemenda? Mwambieni basi, amefika."

Wakaanza kupanga ndoo zao upya.

"Mume wake yuko Sirari anapakia magunia. Akirudi hata viatu havui, anasinzia navyo. Huyo wa kubemenda anatoka wapi? Mnaye nyie?"

Mmoja akacheka, wengine wakafuata, na maneno yale yakafia pale bombani. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeinua kichwa kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Jioni Mpishi akaja kwangu, akakaa, akafunga mlango.

"Mama Marwa. Tuko wawili. Kweli hakuna mwanaume?"

Nilimwambia atoke. Hakutoka. Aliomba chumvi, nikampa, ndipo akatoka. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Atakupigania mbele ya watu bila kuwa na hakika, halafu aje akuhoji kwako.

Ni daktari mmoja kijana huko Mwanza aliyeshika jambo. Alituuliza kila kitu mtoto anachokula, akampima damu, akarudi akasema ni ngano. Ndani ya ngano, na shayiri pia, kuna kitu ambacho utumbo wa Marwa unakipiga vita, na kwenye vita hiyo unajiumiza wenyewe. Hakuna dawa. Asile tu. Hata kidogo? Hata kidogo, mama. Hata makombo. Nikamuuliza kama ataishi. Akasema ataishi na atakua, mradi asile. Nililia kwenye ile hospitali mpaka nesi akanipa kiti. Haikuwa furaha. Nilikuwa nahesabu vikombe vya unga wa lishe nilivyomnywesha kwa mkono wangu.

Mpishi nilimweleza nilivyoelezwa. Alisikiliza, kichwa pembeni, kama anasikiliza sufuria.

"Kumbe ni hivyo tu," akasema. "Sisi kwetu yupo mnyama wa ukoo, hatumli. Babu hakumla, baba hakumla, mimi simli. Huyu mura, kijana wetu, naye hali ngano. Basi. Imekwisha."

Na alikuwa mkali kweli. Mimi nikishinda sokoni na vitunguu vyangu, Marwa alishinda kwake. Mtoto mwenzake akija na andazi, Mpishi anamsimamisha mlangoni amalize, anawe, ndipo aingie. Alimnyang'anya shangazi yake Marwa chapati mkononi, shangazi wa upande wa baba, mwenye mdomo, na akamwambia, "Mpe sumu ya panya basi, ni bei rahisi." Shangazi hajawahi kurudi. Kwa hilo tu nilitaka kumbusu yule bibi miguu.

Asubuhi za mwezi wa sita na wa saba hapa Tarime ni baridi, si utani. Watu wa Musoma wakija wanaomba sweta. Ukungu unashuka mpaka unaona nusu ya mgomba. Nikimpeleka Marwa nilikuta moto umewaka na Mpishi ameshaanza. Alinifundisha kwa kunikataza. Usitie unga kwenye maji ya moto, unataka kumlisha mtoto mawe? Koroga kwanza kwa maji baridi, kwenye bakuli, mpaka upotee. Sasa mimina, taratibu, mkono mwingine unakoroga. Usiache kukoroga kunitazama mimi, mimi siungui. Ulezi mtupu, chumvi kidogo tu. Ukiiva, teremsha, subiri, tia kimea. Ndizi mbivu iliyoanza madoa, iponde ndani, sukari ya nini? Maziwa. Samli, ncha ya kijiko. Rangi yake ni ya udongo uliolowa na harufu yake inafika mpaka nyumba ya tatu. Marwa alikunywa akiwa amefunikwa kanga ya Mpishi, analikumbatia bakuli, anapulizia mvuke. Mashavu yakarudi. Tumbo likashuka. Akaanza kukimbia, na mimi nikaanza kulala.

Halafu ikarudi. Tumbo, kuharisha, kulia. Nilidhani nitapata kichaa. Nilikagua kila kitu kwangu, nikaosha sufuria kwa mchanga, nikagombana na kila mtu aliyemshika mtoto. Mama mkwe akatuma ujumbe kwamba wao walisema tangu mwanzo. Sikumshuku Mpishi. Ningemshuku vipi? Alikuwa anafukuza watu kwa sababu ya andazi.

Siku hiyo vitunguu viliisha mapema, nikapita mashineni nikijua yuko huko. Nilimkuta kwenye foleni, amevaa gauni la kanisani, Marwa amemshika kanga, na kijifuko cha ulezi wa Marwa kiko kichwani kwa bibi. Mbele yake mama mmoja alikuwa anasaga unga wa lishe. Niliziona ngano kwa macho yangu zikishuka kwenye mdomo wa mashine pamoja na soya. Mama yule akamaliza, akakung'uta, akaondoka. Ikafika zamu ya Mpishi. Msagaji akamuuliza, "Tupitishe pumba kwanza, mama?"

"Pumba za nini?"

"Kusafisha. Ya yule mwingine imebaki ndani."

"Amesaga mavi? Saga."

Hapo inabidi mjue mashine zetu. Unga wa mtu haushuki wote. Konzi yake inabaki ndani, na anayefuata anaipata juu ya unga wake, na ya huyu anaipata wa tatu. Hakuna anayelalamika. Wengine wanaona ni ujirani, na Mpishi alikuwa wa kwanza wao. Kupitisha pumba ili usichanganyike na mwenzako kwake ilikuwa kama kufuta kiti alichokalia mgeni kabla hujakaa. Alikuwa anasema, "Kila nyumba inakula kidogo cha nyumba nyingine." Alikuwa anajivunia.

Nikauvuta mfuko kabla mashine haijaumeza ulezi. Ukamwagika.

"Umefanya hivi tangu lini?"

"Nimefanya nini? Umemwaga chakula, Mama Marwa!"

"Ngano iko ndani ya mashine! Umeiona inaingia, umesimama hapo unaiona!"

"Simpi ngano. Nimempa ngano mimi? Wiki yote nafukuza watu."

"Unampa kila siku! Ndani ya ulezi! Asubuhi kwa asubuhi!"

"Hiyo ni vumbi tu la mwenzako," akasema, na sauti ilikuwa imeshuka. "Vumbi si kula. Yule mnyama wetu akipita shambani hatuhami. Tunamwacha apite. Hatumli, basi."

"Marwa si ukoo wako! Huu si mwiko wa babu, huu ni utumbo wa mwanangu! Daktari alisema makombo, nilikwambia makombo, ukaitikia kwa kichwa!"

Foleni nzima ilikuwa inatutazama. Nilimwambia mengine pia. Nilimwambia amepika miaka yote hiyo bila kumsikiliza mtu, anasikiliza sufuria tu. Nilimwambia anamuua. Nikambeba Marwa nikaondoka, ulezi umetapakaa chini, na yule bibi amesimama katikati yake na gauni lake zuri. Watu walisema baadaye nilimkosea heshima mtu mzima. Nilimkosea, ndiyo. Nikirudishwa pale leo nitasema yale yale, tena kwa sauti zaidi. Mtoto alikuwa wangu, na alikuwa na mifupa tu.

Hakuja kuniomba msamaha. Nilisubiri. Mchungaji akasema angetupatanisha, nikamwambia asubiri kwanza mtoto apate choo kigumu. Marwa alikwenda nami sokoni, akalala juu ya magunia, na uji nikampikia kwa unga wa muhogo nilioutwanga kwenye kinu nikiwa sina nguvu za kutwanga.

Asubuhi moja yenye ukungu nikasikia kitu kinakwaruza. Jiwe juu ya jiwe, polepole, linasimama, linaanza tena. Nikapita nyuma ya nyumba ya Mpishi. Alikuwa amepiga magoti juu ya gunia lililokunjwa, jiwe la kusagia mbele yake, lile kubwa la mama yake. Baadaye niliambiwa alilifuata Nyamwaga mwenyewe, likaja limefungwa nyuma ya bodaboda, na dereva alimlaumu njia nzima. Alikuwa anasaga ulezi. Mikono ilikuwa inatetemeka kwenye mabega, si kwenye viganja. Kilemba kimeanguka, na sikuwahi kujua nywele zake zote ni nyeupe.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba." Hakugeuka. "Jiwe nimelichemshia maji. Mara mbili. Kinu nacho pia. Halijaona ngano maisha yake yote, hili, lilikuwa la pombe."

Nikabaki nimesimama pale, nalitazama jiwe.

"Usisimame hapo kama mjumbe," akasema. "Mlete mura, uji unapoa."

Nilimleta. Sikumwambia asante siku ile, na yeye hakuniambia samahani hata siku moja. Tuliendelea hivyo. Alisaga kwa jiwe msimu mzima ule wa baridi, na uliofuata, na wanawake waliokuwa wanamjua walipita kumtazama kama watu wanaotazama ajali. Mmoja akamtania, "Mpishi, si uliapa?" Akajibu, "Niliapa kwa magoti yangu. Ni yangu." Aliumia. Jioni alikuwa anashika ukuta ili asimame. Nilijaribu kumpokea kazi, akaniambia unga wangu una mawe, na ulikuwa nayo.

Lawama zangu kwake sijazifuta. Alikuwa na kichwa kigumu kuliko lile jiwe, na mwanangu alilipia kichwa hicho kwa siku nyingi za maumivu. Lakini mama mkwe hajafanya kitu. Mume wangu ananiletea sabuni kutoka Sirari, basi. Zahanati hawakumbuki hata sura yangu. Yeye peke yake, kati ya wote waliomkosea Marwa, alipiga magoti.

Mwaka huu alianguka. Upande wa kulia ulikufa, na binti yake akaja kumchukua, yuko naye Mugumu. Tulikwenda kumwona, mimi na Marwa, shule zimefungwa. Marwa sasa ni mrefu, meno ya mbele yametoka, anajibu watu wazima kabla hajaulizwa. Mugumu nako asubuhi kulikuwa na baridi. Tulimkuta amekalishwa kwenye kiti cha plastiki mlangoni apate jua, blanketi magotini, mkono wa kulia umelala juu ya blanketi kama kitu alichoshikishwa na mtu. Maneno yake yanatoka moja moja.

"Mura," akasema. "Umekua."

Binti yake ni mama mkarimu, amelelewa na nani vile? Hatujakaa sawasawa ameshatoka jikoni na bakuli, uji wa ulezi, unafuka, ndizi ndani.

"Karibu mwanangu, kunywa, umesafiri."

"Usimpe," Mpishi akasema.

Binti akasimama. "Mama?"

"Umesaga wapi?"

"Mashineni, pale sokoni. Mama, ni ulezi mtupu, nimeuchambua mwenyewe."

"Usimpe."

"Mama, mtoto wa watu ametoka Tarime!" Binti alinitazama mimi, aibu imemjaa usoni, bakuli bado mkononi. "Mama Marwa, mnisamehe, tangu augue amekuwa hivi. Hajawahi kumnyima mtoto."

"Rudisha jikoni," Mpishi akasema. Jicho lake moja lilikuwa linatoka machozi, lakini hilo hutoka machozi muda wote sasa, hata akicheka. Binti akarudisha.

Marwa wala hakujali. Huyu hasafiri bila chakula chake. Alifungua mkoba akatoa kiazi kitamu nilichomchemshia alfajiri, akakaa chini karibu na miguu ya Mpishi, akakimenya, akakivunja katikati. Akainua nusu ampe. Halafu akaurudisha mkono, maana nyumbani kwetu mtu hapewi kitu kabla hajaulizwa.

"Bibi, wewe unaruhusiwa kiazi?"

Kutoka jikoni binti akaanza kusema jambo kuhusu sukari na daktari. Mpishi alimnyamazisha kwa kuinua kidole cha mkono ule mzima. Alikiangalia kiazi, kilikuwa cha njano, bado kina joto. Kisha akamwangalia Marwa.

"Muulize mama yako," akasema.

Marwa akageuka kwangu. Mpishi naye akageuka, polepole, shingo ikikataa, na wote wawili wakanisubiri.